Sura ya Saba: Mwangwi wa Mabati

Kipande cha mbao kilikuwa juu ya meza ya Inspekta Nzuki, kimeviringishwa kwa taulo ya kijani, na hakuna aliyekuwa amekigusa tangu jana jioni.

"Sasa unataka nini tena, Nasike?" inspekta akauliza. "Kijana ni fundi wa mbao. Ndani ya begi tumepata mbao. Ufunguo wa kabati anao yeye peke yake. Hata sijui ni kwa nini tunaongea."

Koplo Bridgit Nasike alibaki amesimama mlangoni. Alikuwa na desturi ya kusimama pale anapotaka kubishana, kana kwamba mlango ungemsaidia akishindwa.

"Hiyo ndiyo inanisumbua, afande. Mwenye ufunguo anafungua kabati, anabeba mashine pamoja na begi lake, anaenda. Huyu aliacha begi. Halafu akaweka mbao ndani ili begi liwe na uzito. Alitaka kumdanganya nani?"

"Kanisa."

"Kanisa halishiki hilo begi. Wekulo ndiye hulishika. Hiyo mbao iliwekwa kumdanganya Wekulo."

Nzuki alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye majalada mengi.

"Saa kumi leo anachukuliwa alama za vidole," akasema mwishowe. "Kesho asubuhi anasimama kortini. Ukipata kitu kabla ya saa kumi, niletee. Usiniletee maswali."

Ilikuwa saa mbili na nusu, Jumanne.

Mambo yenyewe yalikuwa machache. Vincent Wekulo, miaka ishirini na minne, hupiga randa viti katika kibanda karibu na steji ya Olympic. Jioni na Jumapili hucheza mashine ya ngoma katika Kanisa la Mwamba wa Tumaini, mtaa wa Kianda. Mashine ni nyeusi, ukubwa wa vitabu viwili vya nyimbo vilivyowekwa sambamba, na ina vitufe kumi na sita vya mpira ambavyo mtu huvigonga kwa vidole, kila kimoja na mlio wake. Alhamisi baada ya mazoezi ilifungiwa kabatini. Jumamosi begi lilipofunguliwa, walikuta kipande cha mbao ndani ya taulo. Jumapili jioni wimbo mpya kutoka studio moja ya Kawangware ukazunguka kwenye simu za watu, na jina la Wekulo limetajwa ndani yake. Mwalimu Wangila, kiongozi wa kwaya, aliusikiliza mara tatu, na Jumatatu akaja kituoni kuapa kwamba ngoma za wimbo ule zilitoka kwenye mashine ya kanisa.

"Naujua mwangwi wake kama ninavyoijua sauti ya mke wangu," alisema katika taarifa yake. Nzuki aliipenda sentensi hiyo. Aliipigia mstari.

Kitu ambacho hakikuandikwa popote ni kwamba Wekulo alikuwa amepata kazi. Shule moja ilimtaka awe msaidizi wa mwalimu wa muziki, na ilitaka cheti cha good conduct, kile cha polisi cha kuthibitisha kwamba mtu hana rekodi ya makosa, kabla ya Ijumaa. Wino ukishagusa vidole vyake saa kumi, kazi hiyo ingekuwa ya mtu mwingine.

Kwenye kaunta ya kituo kulikuwa na mzee mmoja aliyeshika kontena ya plastiki. Bridgit alimjua: Mzee Ambrose, mtunza kanisa, aliyeleta chakula cha Wekulo jana usiku na leo tena. Kwa sheria ya kituo, anayeleta chakula huonja kwanza. Mzee alivunja ugali kidogo, akachovya kwenye kunde, akatafuna taratibu huku akitazama sakafu.

"Umetoka mbali, mzee," Bridgit akamwambia.

"Si mbali, mwanangu. Amekula jana?"

"Amekula."

"Basi ni vizuri," mzee akasema, lakini uso wake haukuonyesha kwamba ni vizuri.

Wekulo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana viatu wala mshipi, ameshika suruali kwa mkono mmoja.

"Alhamisi," Bridgit akasema. "Mashine uliitia kwa begi saa ngapi?"

"Kabla ya maombi ya kufunga, madam. Huwa naiweka mapema, juu maombi ikiisha kila mtu anakimbia."

"Nani aliomba?"

"Mama Lenah."

"Aliomba kwa muda gani?"

Kwa mara ya kwanza Wekulo alitabasamu. "Humjui Mama Lenah. Aliombea mpaka madaraja. Kama robo saa hivi."

"Macho umefunga?"

"Si ni maombi?"

"Na begi lilikuwa wapi?"

"Nyuma, kwa ukuta, karibu na ngoma ya kuka, yaani babu. Mzee Ambrose. Si babu yangu wa damu, lakini ndiye alinifunza kupiga." Akapandisha suruali. "Maombi ikaisha, nikachukua begi, nikafungia kwa kabati, nikaruka boda mpaka Kawangware kurekodi. Sikuifungua. Madam, nilibeba hiyo mbao na mikono yangu na sikujua."

Bridgit aliandika: *robo saa, macho yamefungwa, kwaya nzima, watu kumi na wanane*. Kisha akatoka kutafuta boda.

*

Studio ilikuwa Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo, ndani kabisa ya ploti ya vyumba vya kupangisha, nyuma ya kamba za nguo. Mwenyewe alikuwa Muthoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyeachiwa ploti na babake na kukigeuza chumba cha mwisho kuwa mahali pa kurekodia. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro ya zamani na trei za mayai. Bridgit alipoingia na kusalimu, sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Ilitoka mdomoni na kufia hapo hapo.

"Sasa, madam," Muthoni akajibu bila kuinuka. "Umekuja kubeba mashine yangu?"

"Nimekuja kuiona."

Ilikuwa mezani. Nyeusi, vitufe kumi na sita. Bridgit aliigeuza. Mahali pa stika ya namba palikuwa na gundi kavu tu.

"Ilibanduka," Muthoni akasema. "Nilijua utaangalia hapo. Jua la kwa dirisha. Nimekuwa nayo miaka mitatu, na picha ninazo, lakini inspekta wako aliniambia kwa simu kwamba picha ni ya mashine yoyote."

"Mwalimu wa kwaya anasema ni ya kanisa. Anasema anaujua mwangwi wake."

Muthoni alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Akavuta kiti cha pili.

"Kaa. Hizi mashine zina efekti zake ndani. Si mpaka uunganishe na kompyuta. Kampuni inakuwekea, wewe unazungusha tu hiki kitufe. Zingine tamu, zingine takataka. Wacha nikupitishe moja moja, halafu wewe ndiye utaniambia kama mtu anaweza kutofautisha mashine na mwenzake kwa hizi."

Akagonga mdundo mfupi kwa vidole viwili. Mashine ikaurudia yenyewe. Mkavu, mtupu, kama mtu anayegonga mlango.

"Hiyo haina kitu. Sasa hii inabana. Kilichopigwa sana inakishusha, kilichopigwa kidogo inakiinua."

Ngoma zikasogea pamoja kama watu walioambiwa wakae kwenye benchi moja. Hata Bridgit, ambaye hakuwahi kujiona mtu wa muziki, aliona tofauti.

"Hii ndiyo imefanya nisiiuze. Nane kwa kumi. Hii nayo inaondoa sauti za juu."

"Inasikika kama disko ya jirani."

"Eeh! Na wewe uko kitandani, ukuta uko katikati. Saba. Hii inarudia mlio: pa, pa, pa. Si mbaya, lakini ukibadilisha spidi inachanganyikiwa. Tano. Hii ya kukwaruza sitakuwekea, hapo nyuma kuna mtoto mchanga amelala."

Alizungusha kitufe hatua moja zaidi, na chumba kikapanuka. Ngoma zile zile sasa zilikuwa na mkia mrefu nyuma yake, unaong'aa kama bati.

"Na hii ni reverb. Mwangwi wa chumba. Kitabu chake kinasema ni ya ukumbi mkubwa. Mimi nasema ni ya sufuria."

Bridgit alicheka kabla hajajizuia.

"Nne kwa kumi, na hiyo nimekuhurumia," Muthoni akasema, akiwa amelainika kidogo. "Sasa sikia vizuri. Ubaya wake ni huu."

Akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Mdundo ulikoma, na mwangwi ukakoma nao papo hapo.

"Umesikia? Ukumbi wa kweli, ukiacha kupiga, sauti inatembea kidogo ndio ife. Hii inakatika kama stima imepotea."

"Ni mashine zote?"

"Zote za aina hii. Ni hesabu imewekwa ndani. Yangu, ya kanisa, ya mtu wa Kisumu, mwangwi ni ule ule. Ni kama ringtone ya simu. Unaweza kusema, 'Hii ndiyo simu yangu, najua vile inalia'?"

"Kwa hivyo mwalimu hawezi kuijua mashine yake kwa mwangwi."

"Hawezi. Lakini kuna kitu alisikia. Mtu haapi bure. Una sauti yoyote ya huko kanisani?"

Bridgit alikuwa nazo mbili. Mwalimu Wangila hurekodi kila zoezi na kila ibada kwa simu na kuzituma kwenye kikundi cha kwaya. Alikuwa amempa ya Alhamisi kama ushahidi, na ya Jumapili kama malalamiko. Chini ya ile ya pili alikuwa ameandika: *Sikia vile tuliaibika bila mashine.*

Muthoni alivaa vipokea sauti, akasikiliza ya Alhamisi akiwa amefumba macho. Akaomba irudishwe mwisho. Akaomba tena. Kisha akaviweka vile vipokea sauti kwenye masikio ya Bridgit.

"Usisikize wimbo. Sikiza pale mashine inasimamishwa."

Kwaya ilimaliza, mashine ikasimamishwa, na ule mlio wa mwisho wa ngoma ukaendelea kutembea peke yake, ukapungua, ukafa polepole. Sekunde moja baadaye mtu alipiga kofi. Kofi nalo likaacha mkia wa namna ile ile.

"Haukukatika," Bridgit akasema.

"Haukukatika. Hapo hakuna reverb hata kidogo. Huyo kijana amezima kila kitu, ameacha ile ya kubana peke yake. Na amefanya vizuri. Kanisa ni la mabati?"

"Ukuta na paa."

"Basi. Kuongeza reverb ndani ya mabati ni kumwaga maji kwa mto. Mwangwi anaoujua mwalimu si wa mashine. Ni wa kanisa lake. Hajawahi kusikia hiyo mashine nje ya kanisa hata siku moja." Uso wa Muthoni ukabadilika. "Ule wimbo wetu, mimi ndiye niliweka reverb kwa ngoma. Wekulo hakutaka. Alisema inasikika bandia. Nikamwambia, wacha ikae kama ya kanisa." Akaitazama mashine yake. "Kumbe nilikuwa namfunga."

"Hukumfunga wewe."

"Nani, basi?"

Bridgit aliishika simu yake. Alitoka nje kwenye kamba za nguo na kumpigia inspekta.

Nzuki alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Sawa," akasema. "Sikio la mwalimu limeanguka. Lakini mashine bado haiko, na kufuli halikuvunjwa. Hakimu hataki habari za sufuria. Niletee mashine, Nasike. Ni saa tano na nusu."

Aliporudi ndani, Muthoni alikuwa amefungua ile sauti ya Jumapili bila kuulizwa. Alikuwa amekunja uso.

"Hii nayo ni nini?"

"Ibada ya Jumapili. Hawakuwa na mashine, walitumia ngoma ya zamani. Pipa la mbao, limewambwa ngozi ya ng'ombe pande mbili."

"Kuja usikie. Makofi yanalia. Sauti za watu zinalia. Hata mtoto ameangusha kitu hapa, kimelia. Ngoma hailii."

Bridgit alisikiliza. Sasa masikio yake yalikuwa na mahali pa kushika. Kila kitu ndani ya kanisa lile kilikuwa na mkia isipokuwa ngoma. Ngoma ilisema *dfu*, ikanyamaza.

"Sisi hapa studio tukitaka ngoma isilie, tunaweka blanketi ndani," Muthoni akasema. "Ama pengine ngozi imelegea."

"Ngozi hulegea isipoanikwa," Bridgit akasema polepole.

Huko kwao Kimilili, katika kanisa la nyanyake, hakuna aliyepiga ngoma kabla haijakaa juani. Jumapili asubuhi ilitangulia kutoka nje kabla hata ya benchi kupanguswa, na siku ya mvua iliwekwa karibu na moto wa jikoni. Ngoma isiyoota joto, nyanyake alikuwa akisema, inaimba kama mtu aliyeamshwa. Mpiga ngoma anaweza kusahau Biblia nyumbani. Kuanika hasahau.

Alisikiliza rekodi yote hadi mwisho, dakika tisa. Mwishoni mhubiri alishusha sauti akaomba kwa kunong'ona, na kila neno lilisikika.

*

Aliyekuwa akifagia kanisa ni Mzee Ambrose. Mwalimu Wangila alikuwa ameitwa kwa simu, naye alikaa benchi la mbele, shati limepigwa pasi, ameshika simu kwa mikono miwili.

Bridgit alisimama katikati ya kanisa na kupiga kofi moja. Mabati yakaitikia, yakashusha sauti, yakanyamaza.

"Mwalimu, huo ni mwangwi wa nini?"

"Wa kanisa," Wangila akasema. "Si unausikia?"

"Sasa sikiza mwisho wa zoezi la Alhamisi. Halafu mwisho wa wimbo wa Kawangware."

Alimchezea moja baada ya nyingine. Ya Alhamisi ilitembea na kufa polepole. Ya Kawangware ilikatika. Alimchezea tena. Mara ya tatu Wangila mwenyewe aliinua mkono ili asimamishe. Alikuwa mtu mwenye sikio kweli, na ndiyo sababu alihitaji mara mbili tu.

"Nimemshitaki kijana wa watu kwa sauti ya mabati," akasema.

Ufagio nyuma yao ulikuwa umetulia.

"Mzee," Bridgit akaita bila kugeuka upesi. "Jumapili ngoma haikuanikwa. Kwa nini?"

"Kulikuwa na mvua, mwanangu."

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Wakati wa ibada."

Bridgit alitazama juu kwenye paa. "Mabati haya, mvua ikinyesha, mhubiri anasikika?"

Wangila ndiye aliyejibu, bila kufikiri. "Nani? Hata kwaya haisikiki. Mvua ikinyesha tunakaa tu tunaangaliana mpaka iishe." Kisha akamtazama mzee. "Lakini Jumapili hakukunyesha, Mzee Ambrose. Jua lilikuwa kali mpaka akina mama walijifunika leso wakitoka."

Mzee aliuegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu, kana kwamba ungeweza kuvunjika. Ngoma ilikuwa kando yake, kubwa, imefika kiunoni mwake. Upande wa juu kamba zake zilikuwa nyeusi kwa jasho la miaka. Upande wa chini zilikuwa zimefungwa upya, mafundo bado yana ncha.

"Naweza kuifungua mwenyewe," Bridgit akasema. "Lakini hiyo ngozi uliiwamba wewe. Sitaki kuiharibu."

Mashine ya kusaga ya duka la jirani iliendelea kuunguruma. Kisha Mzee Ambrose akapiga magoti, akailaza ngoma kwa ubavu na kuanza kulegeza kamba. Vidole vyake vilijua kila fundo. Aliinua ngozi, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa sweta ya bluu iliyoviringishwa. Ndani ya sweta kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko, mashine.

Wangila alisimama. "Mzee!"

"Keti, mwalimu," Bridgit akasema.

Mzee hakuinuka. Aliongea akiwa pale pale sakafuni, akimtazama Bridgit viatu.

"Alhamisi mwalimu aliniambia ngoma iende stoo. Askofu angekuja Jumapili ile nyingine, na yeye hataki kanisa lionekane la kizamani. Nikasema sawa. Miaka thelathini na moja, nikasema sawa. Mama Lenah akaanza kuomba. Begi lilikuwa hapo miguuni pangu. Nikabadilisha; walipotoka wote, nikaificha ngomani." Akaikunja ile sweta. "Nilitaka Jumapili moja tu. Ya kuaga. Jumatatu niirudishe."

"Na ile mbao?"

"Mguu wa benchi iliyovunjika. Niliangalia uzito tu. Sikukumbuka kwamba yeye ni fundi."

"Na jua? Kwa nini hukuianika ngoma?"

Mzee alimtazama kwa mshangao, kana kwamba swali hilo halikuhitaji kuulizwa. "Ingeungua. Ni kitu cha stima, na kule juani ngoma inachemka ndani. Ni mashine ya kanisa, mwanangu. Vincent anaipenda."

Bridgit aligeuka kidogo, akapangusa kitu kwenye kona ya jicho, akageuka tena.

"Jumatatu ulikuja kuirudisha?"

"Nilikuja alfajiri. Nikakuta wazee wa kanisa wanafunga na kuomba juu ya wizi. Nikashindwa. Jioni wakamshika. Nikasema, hajaiba, serikali ina macho, itaona na itamwachilia. Nikawa nabeba chakula nikingoja muone."

"Mzee, hiyo serikali ni mimi. Nilisimama pale nikikutazama ukionja kunde, na sikuona kitu."

Mzee Ambrose alifunika uso kwa sweta.

Wangila alikuwa amerudi benchini. Alionekana mdogo ndani ya shati lake lililopigwa pasi. "Ningemwambia vingine," akasema, si kwa Bridgit hasa. "Ningemwambia vingine tu, haya yote hayangekuwa."

"Mwalimu, mlalamikaji ni wewe. Mashine haijatoka kanisani. Nitaandika nilivyoona. Wewe utaandika nini?"

Alifikiri. Kisha akatoa kalamu mfukoni na kuomba karatasi.

Mzee aliinuka, akajikung'uta magoti, akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, vifundo juu, kama alivyoona watu wakifungwa pingu.

"Hapana," Bridgit akasema. Akaiweka mashine juu ya mikono ile. "Wewe ndiye utaibeba. Na wewe ndiye utamwambia. Hiyo sikusaidii."

*

Walifika kituoni saa tisa na dakika arobaini. Kwenye meza ya Nzuki, karibu na kile kipande cha mbao, fomu ya alama za vidole ilikuwa imeandikwa jina tayari, na kibati cha wino kilikuwa wazi.

"Ilikuwa wapi?" inspekta akauliza.

"Ndani ya kanisa, afande. Haijawahi kutoka. Mlalamikaji ameondoa malalamiko, hii hapa."

Nzuki aliisoma karatasi. Akamtazama mzee, sweta iliyokuwa begani mwake, na mashine aliyoikumbatia.

"Si huyu ndiye wa chakula?"

"Ndiye."

Inspekta aliikunja ile karatasi. "Mleteni kijana," akasema.

Wekulo aliingia ameshika suruali. Aliona mashine kwanza, kisha mikono iliyoishika. Mzee Ambrose alimweleza kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, na Bridgit, aliyeelewa kila neno, alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mzee hakujitetea. Hakutaja askofu wala stoo. Alisema tu alichokichukua, alipokificha, na siku alizonyamaza.

Wekulo alisogea mbele. Alivuta kiti cha mbele ya meza, akakaa, akamnyooshea mkono, na mzee hakujua anachotaka mpaka Wekulo alipoonyesha kontena ya asubuhi, bado imejaa, pembeni mwa meza. Aliifungua, akaanza kula. Alikula bila haraka, wote wakiwa wamesimama, hata Nzuki, na hakuna aliyemharakisha.

Alipofika nusu aliuliza, bila kuinua macho, "Jumapili ulipiga hii ikiwa ndani?"

"Ndiyo."

"Ilisikika aje?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Vibaya. Kama kupiga godoro."

Bega la Wekulo lilitikisika. Bridgit alidhani analia, na labda ilikuwa hivyo kidogo, lakini alipoinua uso alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana.

"Kuka," akasema, "nimelala kwa simiti usiku mzima."

"Najua."

"Hujui. Utajua nikikuambia, na leo sikuambii." Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Hiyo ngozi umeirudisha?"

"Bado. Iko wazi."

"Basi kesho tuiloweshe, tuiwambe. Halafu iende juani."

Nzuki alikohoa na kusukuma fomu ya kuachiliwa mbele ya Bridgit. Wekulo aliposogea mezani alinyoosha kidole gumba, kwa mazoea ya mambo aliyotishiwa tangu jana.

"Si hicho," Bridgit akasema. Akakifunika kibati cha wino kwa kiganja chake na kumpa kalamu.